Pikapu ya mzee siuzi kwa kilo

Nianze na kisa. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Lushoto kumsalimia mama. Asubuhi tumekaa nje, baridi ile mnayoijua nyie mliowahi kufika, tunakunywa chai na viazi vya kuchemsha. Mara akaingia kijana mmoja na mizani ya kuning'iniza begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu."

Hakuja kutafuta kabichi wala karoti. Alikuwa anatafuta chuma chakavu. Macho yake yalishatua pale chini ya mparachichi, kwenye pikapu ya marehemu mzee, Peugeot 504, wenyewe tunaita Pijo. Akaizunguka mara mbili. Akagonga bodi kwa vidole kama mtu anayechagua nazi sokoni. Akachungulia chini. Akarudi na bei: laki sita na nusu, pesa mkononi, na gari la kuibeba analeta mwenyewe kesho yake.

Mama akanigeukia. "Sasa baba, unasemaje?"

Naomba muelewe uzito wa swali hilo. Mdogo wangu wa kike yuko chuo mwaka wa pili, anasomea uuguzi, na ada yake ilikuwa imebaki laki saba. Yaani yule kijana wa mizani alikuja na karibu ada nzima mfukoni. Baba mdogo, ambaye naye alikuwepo, alishasema mapema: "Chuma hakiliwi. Uzeni, mtoto asome." Na mimi, msomi wa familia, mwandishi wa habari, nikajibu kitu ambacho hata mwenyewe sikutegemea.

"Hatuuzi. Naitengeneza."

Baba mdogo alicheka mpaka chai ikampalia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama lile lilikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu au la mtoto aliyemkumbuka baba yake. Leo nataka kutoa hoja zangu hadharani ili mnisute kama nastahili kusutwa. Nimeshaanza kazi, hivyo siongei tena kwa hisia peke yake. Nina daftari lenye hesabu, na nina makovu mawili kwenye kidole gumba.

Kwanza niwaambie ni gari gani tunaloliongelea. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968 na mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3 kwa jumla. Wazungu walipoichoka, sisi Waafrika bado tulikuwa nayo. Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha mpaka miaka ya 2000. Na kabla yake kulikuwa na kaka yake, 404, ambaye alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Dereva aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda Safari Rally kwa 504. Kwa hiyo wazee wetu walipozipenda Pijo hawakuwa washamba. Walikuwa wameziona zikipita kwenye tope lile lile wanalopita wao, zikatoka upande wa pili.

Pikapu yake ni kitu kingine tena. 504 ya kawaida, ile saluni, ina springi za koili na kila tairi la nyuma linacheza peke yake. Pikapu wakaiwekea ekseli nzima na springi za majani, ibebe tani moja na ushee bila kulalamika. Mzee aliinunua mwaka 1995, tayari ikiwa mtumba, na akaifanyia kazi hadi 2011. Kabichi, karoti, viazi, plamu msimu wake ukifika. Kutoka Lushoto kushuka Soni mpaka Mombo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, korongo upande mmoja na mlima upande mwingine. Mzee alikuwa akishuka na mzigo kwa gia, siyo kwa breki. Sisi watoto tukipata bahati tunakaa juu ya magunia. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile bodi la nyuma. Na harusi za mtaa mzima zilibebwa mle, na maiti pia.

Mwaka 2011 giaboksi ikagoma. Hela ya kutengeneza haikupatikana haraka, mzee akaiegesha chini ya mparachichi "kwa wiki mbili". Mzee amefariki 2019. Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kila mtu niliyemwambia naanza kufufua gari la zamani ameniuliza swali moja: utapiga rangi gani? Hata mimi nilianzia hapo hapo. Nilishaota rangi ya maziwa yenye mstari wa bluu. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee pale Soni, aliyekuwa akimtengenezea marehemu, nikamweleza ndoto yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, wewe unataka kumvalisha suti mgonjwa kabla hujampeleka hospitali."

Basi, shule ikaanza. Nawapa niliyojifunza, maana najua humu kuna wengi ambao kwao kuna gari limelala chini ya mti.

La kwanza ni karatasi. Kabla ya spana tafuta kadi ya gari. Mimi nimeikuta kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge, na nilipoifungua nikaishiwa nguvu. Jina lililoandikwa siyo la mzee. Ni la yule aliyemuuzia. Mzee aliendesha gari lile miaka 16 bila kubadilisha umiliki, akiwa na mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono tu, na mashahidi wawili ambao wote wameshatangulia mbele ya haki. Kwa sheria, nilikuwa natishia kufufua gari la watu! Ikabidi nianze kumtafuta muuzaji. Naye alishafariki, lakini nimempata mwanawe Korogwe, mtu muungwana sana. Alikiangalia kile kikaratasi, akatambua mwandiko wa baba yake, akanyamaza kidogo, halafu akaniambia familia yao itasaini chochote kinachotakiwa. Upande wetu napo tunahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu mali ya marehemu haihamishwi kwa maneno ya mdomo. Shughuli inaendelea. Ningepiga rangi kwanza, leo ningekuwa na gari zuri lisilo la kwangu.

Jamani, mkitoka hapa waulizeni wazazi wenu: kadi ya gari ina jina la nani? Hati ya kiwanja ina jina la nani? Waulizeni wakiwa hai.

La pili ni kuangalia chini. Kutu ndiyo adui, na kutu haionekani ukiwa umesimama. Ukitaka kuelewa kutu, kumbuka kwamba chuma kilichimbwa ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni, mwanadamu akatumia moto mkali kuwatenganisha. Maji na hewa vinawarudisha pamoja. Kwa hiyo gari linapokula kutu ni kama linarudi udongoni lilikotoka, kama sisi wengine. Majani ya mparachichi yalijaa kwenye mfereji chini ya kioo cha mbele, yakaoza, yakashika unyevu miaka yote hiyo. Maji yakapata njia ya kuingia kwenye sakafu ya kebini. Nilipoinua kapeti upande wa abiria niliona nyasi. Nyasi kabisa, mbichi, zimeota.

Hapa watu wengi wanakosea. Kwenye Land Rover ya zamani kuna chesisi kamili, bodi limekaa juu yake kama kofia. Kwenye 504 kebini yenyewe ndiyo mfupa. Nyuma, chini ya bodi la mizigo, kuna reli mbili za chuma, lakini mbele sakafu na kuta ndizo zinazobeba. Ikitoboka sakafu siyo suala la kutafuta kapeti nene. Ni mguu uliovunjika. Kwa hiyo tumeinyanyua gari, tukaiweka juu ya magogo imara (siyo juu ya jeki peke yake, wadau, jeki imeua watu), tukakata chuma chote kilichooza hadi tulipofika kwenye chuma kizima, tukachomelea bati jipya. Fundi alikataa katakata kuziba kwa puti. Alisema puti ni kama kumficha mgonjwa aliyekuja kutibiwa.

Na jambo moja la hatari nilitamke wazi. Tangi la petroli lililokaa tupu miaka mingi siyo salama kulichomelea. Petroli inayowaka ni ule mvuke wake, na tangi "tupu" limejaa mvuke. Tulilishusha, likawekwa mbali kabisa na moto. Likiwa limeoza sana tutatafuta lingine.

La tatu ni injini. Kishawishi kikubwa ni kutafuta betri, kufunga, na kupiga stata uone kama itawaka. Usithubutu. Gari lililolala miaka zaidi ya kumi, ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kwa stata, au mbaya zaidi ukalivuta kwa gari jingine, unavunja ringi na unakwaruza silinda. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila tundu, tukaacha siku tano. Kisha fundi akatia spana kwenye nati ya puli ya kreki, akasukuma taratibu. Haikwenda. Akaongeza mchanganyiko, tukaacha wiki nyingine. Jumamosi iliyofuata akasukuma tena, nikasikia kitu kama mtu anayegeuka kitandani. Ikazunguka nusu. Halafu mzunguko mzima. Nakiri machozi yalinilenga. Mama alikuwa mlangoni, hakusema kitu, akarudi ndani.

Uzuri wa injini hii, yetu ni ya petroli ya sentimita za ujazo 1,796, ni kwamba silinda zake siyo mashimo yaliyotobolewa moja kwa moja kwenye bloku. Ni mabomba ya chuma yanayochomekwa, na maji ya rejeta yanapita nje yake. Mafundi wanayaita silivu. Zikichakaa unachomoa, unaweka nyingine, bloku inabaki ile ile. Mtu aliyebuni injini hiyo aliwaza kwamba siku moja itachoka, na kwamba kuna fundi mahali fulani atakayetaka kuifungua. Kila nikiliwaza hilo namheshimu yule mtu nisiyemjua.

La nne ni breki, na hizi zinatangulia gari kutembea. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. Baada ya miaka, yale maji yanakula pampu kwa ndani na raba zinakauka. Gari linaloweza kuwaka lakini haliwezi kusimama ni jeneza lenye injini, hasa kwa barabara yetu ya Mombo. Raba zote na mabomba yote ya mpira tunabadilisha, hata yale yanayoonekana mazima. Matairi vilevile: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ya kwetu yanasoma 0809. Bado yana kashata nzuri tu, lakini mpira umepasuka pasuka kama kisigino cha mkulima. Hayo hayaendi barabarani.

Sasa hesabu, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mpaka leo nimetumia hivi: bati na kuchomelea sakafu, 180,000. Vifaa vya breki, 95,000. Oili, plagi na mabomba ya petroli, 60,000. Nauli za basi Dar hadi Lushoto kwenda na kurudi mara tatu, 135,000. Jumla 470,000, na gari bado liko juu ya magogo. Giaboksi, ambayo ndiyo iliyoanzisha balaa lote, hatujaigusa. Mnaona kwamba nauli imezidi breki. Huo ndiyo ukweli wa kutengeneza gari la kijijini ukiishi mjini, hakuna anayekuambia kabla.

Baba mdogo ameiona hesabu hiyo. Hacheki tena, na ukimya wake unaniuma kuliko kicheko. Hoja yake ni nzito na sitaki kuipuuza. Anasema: una mshahara wa mwandishi, unaujua ulivyo. Mdogo wako ana ada. Mama anahitaji paa jipya jikoni. Wewe unamwaga hela kwenye chuma cha marehemu. Ukitaka gari la kazi, kopa ununue mtumba wa Kijapani, litawaka asubuhi bila kuzungumzishwa.

Namjibu kwa vipande vitatu.

Kipande cha kwanza: ada. Siku ile ile nilipokataa laki sita na nusu nilijua ada imehamia mabegani mwangu. Nimeilipa. Nimekopa sehemu kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa kazini, nusu mwaka ujao nitakula ugali na dagaa bila kulalamika. Mtu asije akasema mdogo wake alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mkweche. Ingekuwa lazima nichague kimoja, Pijo ingekwenda kwenye mizani siku ile ile, na mzee mwenyewe angeisukuma. Tumewekeana mkataba na mama: ikifika mwisho wa Desemba pikapu haijashuka kwenye magogo kwa miguu yake, tunamwita kijana wa mizani. Nimesaini. Mahaba bila tarehe ya mwisho ni ulevi.

Kipande cha pili: mtumba wa Kijapani. Sina ugomvi nao, hata mimi nikiwa Dar napanda magari ya watu yale yale, IST na wenzake. Lakini tujiulize, tunanunua nini? Gari lililotumiwa na mwenzetu miaka kumi, ambalo yeye amelichoka, tunalipokea bandarini kwa ushuru ambao wakati mwingine unakaribia bei ya gari lenyewe. Miaka michache baadaye taa inawaka kwenye dashibodi na hakuna anayejua inasema nini bila mashine ya kupimia. Tunaliegesha chini ya mti, tunakopa tena. Sisemi tuache. Nasema hatujawahi kukaa chini kupiga hesabu ya kuanza upya kila baada ya miaka michache. Hesabu ya kutengeneza tunaiona kubwa kwa sababu iko kwenye daftari, shilingi kwa shilingi. Ile ya kununua upya tunaisahau siku tunayopata funguo.

Kipande cha tatu ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kwenda kwenye uzinduzi. Utepe unakatwa, ngoma inapigwa, mgeni rasmi anahutubia, bomba linafunguliwa maji yanatoka, tunapiga makofi, tunapewa soda. Sijawahi, narudia, sijawahi kutumwa kuandika habari ya mtu anayebadilisha raba ya bomba lile lile miaka mitatu baadaye. Hiyo siyo habari. Nimepita vijijini nimeona jiwe la msingi linang'aa, jina la mgeni rasmi linasomeka vizuri, na bomba kavu. Kilichokosekana pale ni kifaa cha elfu ishirini na mtu mwenye spana anayejua kwamba ni kazi yake.

Sisi ni hodari wa kuzindua. Kutunza tunaona ni kazi ya mlinzi na mfagizi.

Na siyo kwamba hatuwezi. Nenda pale Mombo, chini ya mlima wetu. Inapita reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 enzi za Mjerumani. Abiria waliisahau kwa zaidi ya miaka 20, nyasi zikaota katikati ya mataruma kama zilivyoota kwenye sakafu ya Pijo yetu. Wengi tulishaamini imekufa. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi mpaka Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Njia ile ile ya zamani, watu walikwenda wakafyeka, wakabadilisha kilichooza, wakaacha kilicho kizima. Mimi nimeona wazee Korogwe wakiitazama treni ile kwa macho ambayo hawaitazamii barabara mpya.

Hoja yangu ni hiyo. Kufufua kitu cha zamani siyo kushindwa kununua kipya, wala siyo kumwabudu marehemu. Ni ujuzi, na ujuzi huo unakufa mbele ya macho yetu. Fundi wangu ana zaidi ya miaka sabini. Anasikia ugonjwa wa injini kwa sikio. Anajua kurekebisha kabureta kwa bisibisi moja na sigara mdomoni (hapo kwenye sigara namgombeza, hasa karibu na petroli). Nimemuuliza ana wanafunzi wangapi. Akaniambia: "Wewe." Vijana wa gereji yake wamehamia bodaboda, na siwalaumu, bodaboda inalipa leo jioni. Lakini siku yule mzee akiondoka, ataondoka na chuo kizima ambacho hakina jengo, hakina cheti, na hakijawahi kuzinduliwa na mtu.

Kuna watakaosema magari haya ya zamani hayana usalama, yanakunywa mafuta, yanatoa moshi. Ni kweli. Hayana mifuko ya hewa. Tukigongana na gari la kisasa sisi ndio tutakaoumia. Ndiyo maana nimesema breki kwanza, na mikanda nitafunga, na abiria juu ya magunia haitarudi tena, kumbukumbu nzuri zisituue. Sisemi kila mkweche ufufuliwe. Mengine yameoza mpaka reli, hayo yaende kwa kijana wa mizani kwa heshima, yakayeyushwe yawe nondo. Ninachodai ni kwamba tuangalie chini ya kapeti kabla ya kuamua. Kati ya kizima na kilichooza kuna vitu vingi sana ambavyo vimeacha kufanya kazi tu, na tumeviita vimekufa kwa sababu hatukutaka kuchafuka mikono.

Jumapili iliyopita, kabla sijapanda basi kurudi Dar, mama alitoka na kitambaa na ndoo. Akaanza kuosha mlango wa dereva, mlango mmoja tu, pole pole, mpaka rangi ya zamani ikaonekana. Kijivu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ilikuwa kijivu, kwenye kichwa changu ilikuwa nyeupe siku zote. Nikamwambia, mama, rangi ni mwisho kabisa, fundi amesema. Akajibu bila kunitazama: "Mimi sipigi rangi. Nasafisha."

Desemba haiko mbali. Giaboksi inanisubiri. Kama kuna mdau anajua pa kupata beringi na gia za 504 kwa bei ya binadamu, hasa kwa wale wa Gerezani na Shaurimoyo, au ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi ambako Pijo bado ziko nyingi, aniambie. Na kama unaona baba mdogo ana haki na mimi nimepotoka, sema pia, nina ngozi ngumu siku hizi.

Naomba kuwasilisha.